Kuni za Buzuruga: Kutoka Kichakani hadi Bandani

Kwa sehemu kubwa ya historia ya Usukuma, kuni ziliokotwa, hazikuchanjwa. Mti ulikuwa karibu na jiko, na jiko lenyewe halikudai kipimo. Mafiga matatu hupokea kuni ya urefu wowote: tawi zima huingizwa ncha moja katikati ya mawe, na kadiri linavyoliwa na moto ndivyo mpishi anavyolisukuma ndani. Ugali ukiiva, kijinga huvutwa nje, ncha yake hufukiwa kwenye majivu, na jioni moto huamshwa palepale. Nyumba iliyopika hivyo haikuhitaji gogo la kupasulia, wala banda, wala akiba ya miezi. Historia ya kuchanja na kutunza kuni mahali ambapo leo ni Buzuruga, kwenye barabara ya Musoma upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, ni historia ya umbali uliozidi kukua kati ya mti na jiko.

Shoka lilikuwepo tangu zamani, lakini lilikuwa shoka la aina yake. Majembe na mashoka mengi ya Usukuma yalitoka kwa Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita, kusini-magharibi mwa ziwa, walioyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa wa miti. Ufundi huo ni wa kale sana katika ukanda ule: kule Katuruka, katika nchi ya Wahaya, yamefukuliwa mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Shoka la jadi ni bamba jembamba lenye mkia. Mpini huchongwa ukiwa na rungu kichwani, rungu hutobolewa kwa chuma cha moto, na mkia wa shoka hupenyezwa humo. Kila pigo huukaza zaidi, kwa hiyo halihitaji msumari wala gundi. Shoka la namna hiyo hukata vizuri sana, lakini kupasua haliwezi. Mashavu yake ni membamba. Likipigwa kwenye gogo huzama na kunasa, na mara nyingi rungu la mpini ndilo linalopasuka kabla ya gogo. Mkataji mwenye chombo hicho alikata matawi ya unene wa mkono, akayaacha mashina.

Katika kaya ya Kisukuma kulikuwa na moto wa namna mbili, na kila mmoja ulikuwa na kuni zake. Moto wa jikoni ulikuwa wa wanawake. Waliziendea kuni kwa makundi, wakafunga matita kwa kamba za magome na kuyabeba kichwani juu ya ngata. Moto wa pili ulikuwa shikome, moto wa nje karibu na zizi, ambako wanaume na wavulana walikula chakula cha jioni na kuzungumza. Shikome haikutaka miali bali joto la kudumu, kwa hiyo ililishwa magogo mazito na samadi iliyokauka, ikafuka moshi usiku kucha. Hapo kijana alifundishwa nasaba, mashauri ya ng'ombe na hadithi za ukoo. Kuleta magogo ya shikome ilikuwa kazi ya wavulana, na kijana mvivu alijulikana kwa moto uliozimika mapema.

Akiba ilikuwa ndogo na ilikaa ndani. Juu ya mafiga kulijengwa kichanja cha fito, na juu yake zikawekwa kuni za siku mbili tatu pamoja na mbegu na samaki. Moshi ulizikausha kuni na kuzilinda dhidi ya wadudu. Mahali pa pili pa kukaushia palikuwa mawe. Nchi ya Mwanza ni nchi ya matale, yale mawe makubwa ya itale yaliyobebana juu ya vilima, na jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi huhifadhi joto hadi baada ya magharibi. Juu ya mawe hayohayo zilianikwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, na dagaa. Kuni zilizonyeshewa zikitandazwa hapo saa za mchana huwa tayari kwa chakula cha usiku, jambo ambalo udongo mweusi wa mbugani haufanyi kamwe.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yaliletwa na meli. Reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901, na meli za mvuke zilianza kuelea Ziwa Viktoria miaka hiyohiyo: William Mackinnon mwaka 1900, Winifred mwaka 1902, Sybil mwaka 1903, kisha Clement Hill, na Usoga na Rusinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Mwanza katika miaka ya 1890, na bandari hiyo ikawa mojawapo ya vituo vya meli hizo. Makaa ya mawe yalitoka mbali na yalikuwa ghali mno, kwa hiyo tanuri za meli zililishwa kuni. Kwa mara ya kwanza kuni zilihitajika katika urefu mmoja, maana mlango wa tanuri hauna subira ya mafiga. Zilipaswa kuwa kavu, zimepangwa kwenye marundo ya kuhesabika, zikisubiri gatini kabla meli haijafika. Kuni ikawa bidhaa yenye kipimo, na mtu akaweza kulipwa ujira kwa kuikata.

Pamoja na kazi hiyo ulikuja msumeno wa watu wawili, kabari ya chuma, na shoka la tundu, yaani shoka ambalo chuma ndicho kilichotobolewa na mpini ukapita ndani yake. Tofauti inaonekana ndogo, ila ndiyo iliyofanya kuchanja kuwezekane. Shoka la tundu lina kichwa kizito na mashavu mapana. Linapoingia katika nyuzi za mti huzisukuma kando, na gogo hufunguka lenyewe. Uzito wake ukifanya kazi, mchanjaji hahitaji nguvu nyingi. Mashina ambayo shoka la Warongo liliyaacha sasa yakawa mali.

Utawala wa Wajerumani ulitunga amri ya kulinda misitu mwaka 1904, na Waingereza wakatunga sheria yao ya misitu mwaka 1921. Hata hivyo mahitaji yaliongezeka. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi garimoshi za Reli ya Kati nazo ziliendeshwa kwa kuni. Pamba ilienea Usukuma kote, vichaka vikafyekwa kupata mashamba, na ng'ombe wakaongezeka. Jambo zito zaidi lilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 Charles Swynnerton aliongoza huko Shinyanga utafiti wa mdudu huyo anayesambaza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na njia iliyotumiwa sana ilikuwa kufyeka vichaka anamojificha. Watu kwa maelfu waliitwa kwa zamu chini ya watemi wao, migunga ikaangushwa maili kwa maili, na sehemu kubwa ya miti hiyo ikateketezwa palepale ilipoangukia. Malisho yalipatikana na ng'ombe walinusurika, hilo halikanushiki. Lakini kuni ambazo zingepika kwa kizazi kizima ziligeuka majivu katika msimu mmoja, na wajukuu wa wafyekaji ndio waliokuja kutembea saa nyingi kutafuta tita moja.

Walipokosa miti, Wasukuma walipikia walichokuwa nacho. Mashina ya pamba, ambayo sheria inataka yang'olewe na kuchomwa kila mwisho wa msimu ili kuua wadudu, yalikusanywa kwa matita. Mabua ya mtama, magunzi ya mahindi na samadi ya ng'ombe vilifuata. Nishati hizo huwaka upesi na kuzimika upesi. Mpishi hawezi kuondoka jikoni. Minyaa iliyozungushiwa boma za kaya haikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa utomvu wake huumiza macho vibaya na kuni zake mbichi hazifai kabisa karibu na watoto. Kisiwani Ukara, ambako watu walibanana mapema kuliko bara, kila mti ulikuwa na mwenyewe, hata ukiwa katikati ya shamba, na hakuna aliyevunja tawi la mwenzake bila ruhusa.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliongeza uzito. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na kichaka chake, zilikusanywa pamoja, na viunga vya vijiji vipya vikaisha miti kwa muda mfupi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga na kushtushwa na ukame wake. Miaka miwili baadaye ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi huo ulianza kwa kupanda miche, kisha ukatambua kwamba wenyeji wana njia iliyo bora zaidi. Njia hiyo ni ngitili. Kwa desturi, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi nyasi za kwingine zikiisha. Ikifungwa kwa miaka kadhaa, visiki vilivyozikwa ardhini huchipua vyenyewe, migunga hurudi, na kuni hupatikana kwa kupogoa bila kuua mti. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerudishiwa miti kwa njia hiyo. Katika habari zote za kuni za kanda ya ziwa, hii ndiyo yenye heri kuliko zote, na ilitoka kwa wafugaji wenyewe.

Ufukweni, upande wa pili wa mambo, kulikuwa na samaki. Furu na dagaa wa zamani walikaushwa kwa jua, na jua halikati mti. Sangara aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 alipofurika katika miaka ya 1980 alileta shida mpya: mwili wake ni mkubwa na una mafuta mengi, haukauki juani kabla ya kuoza. Ilibidi abanikwe kwa moshi au akaangwe. Tanuri za udongo zenye wavu wa waya juu zikaenea katika kambi za uvuvi, na visiwa vidogo vikapoteza miti yake. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza miaka ya 1990, minofu ilisafirishwa nje ikiwa imegandishwa na mifupa yenye vichwa, inayojulikana kama mapanki, ikabaki kukaangwa na kukaushwa kwa ajili ya walaji wa nchini. Ubanikaji unataka kuni za mti mgumu, zinazowaka taratibu; kuni za msonobari humpaka samaki masizi na ladha ya utomvu.

Jiji nalo lilipanuka kuelekea Buzuruga. Kiwanda cha nguo cha MWATEX, kilichojengwa Igoma miaka ya 1960, kilivuta wafanyakazi kwenye barabara ya Musoma, na nyumba zikapanda vilima katikati ya matale. Kwa sensa ya 2012, wilaya za Ilemela na Nyamagana, ambazo kwa pamoja ndizo jiji la Mwanza, zilikuwa na watu 706,453; kwa sensa ya 2022 walizidi milioni 1.1. Wengi wao walipikia mkaa, kwa kuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyotazamana haistahimili moshi. Mkaa ulitoka Geita, Sengerema na kwingineko katika nchi ya miyombo, na kwa miongo mingi mizigo ya ng'ambo ile ilivuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi hadi daraja lilipozinduliwa Juni 2025. Kuni hazikutoweka mjini. Zilibaki kwa wenye sufuria kubwa: mama lishe, wapika pombe, wakaanga samaki, shule, magereza, na wachoma matofali. Zinaletwa kwa baiskeli na kwa lori, na kuuzwa kwa fungu au kwa mzigo. Karibu na karakana za maseremala kuna pia mabanzi, maganda ya nje ya magogo yaliyopasuliwa mbao, ambayo huwaka vizuri na huuzwa kwa bei nafuu.

Mti wa soko sasa si mgunga bali mkaratusi. Misheni, serikali za mitaa na wenye mashamba waliupanda kwa sababu hukua haraka na huchipua tena ukikatwa. Mkaratusi una tabia ambayo kila mchanjaji huijua: ukiwa mbichi hupasuka kwa pigo moja, ukikauka mzima hugeuka jiwe. Kwa hiyo huchanjwa siku chache baada ya kuangushwa, kisha vipande ndivyo vinavyokaushwa. Mwembe uliozeeka ni kinyume chake, kwa kuwa nyuzi zake zimepindana na mafundo ni mengi. Gogo la mwembe hushambuliwa kandokando, vipande vikibanduliwa kuzunguka ukingo hadi moyo ubaki peke yake. Mjohoro uko katikati ya hiyo miwili.

Sababu ya kuchanja ni maji. Mti uliokatwa leo una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yachemke na kutoka kabla kuni haijaanza kutoa joto la maana. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hewani hutoa megajuli 15 hivi. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa karibu nusu yake, na kinachobaki ni moshi machoni mwa mpishi. Maji hutoka kwa urahisi kupitia ncha za gogo na kwa shida kupitia gome. Gogo zima lenye gome linaweza kukaa mwaka na bado likatoa povu kwenye ncha likiwekwa motoni. Likichanjwa vipande vinne na kupangwa mahali penye upepo, kiangazi kimoja cha kuanzia Juni hadi Agosti kwa kawaida hutosha. Kipimo cha wazee hakihitaji mashine: vipande viwili hugonganishwa, na kama ni vikavu hulia kwa sauti nyembamba, vibichi hutoa mlio mzito uliofifia. Kuni kavu pia huwa na nyufa kwenye ncha zake, zinazotoka katikati kama miale.

Hapo ndipo banda linapopata maana. Mwanza ina mvua za vuli kuanzia Oktoba na za masika kuanzia Machi, na mwenye sufuria kubwa asiye na banda hununua kuni mbichi kwa bei ya kuni kavu katika miezi hiyo. Banda zuri huanza chini. Mchwa ndio adui wa kwanza, kwa hiyo mawe hupangwa ardhini, yakiinuka kama shubiri moja, na juu yake hulazwa fito au mabanzi. Katika nchi ya matale mawe hayanunuliwi. Kuta mbili ndefu huachwa wazi au huzibwa kwa fito zenye nafasi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara na usiku hugeuka, kwa hiyo banda ambalo pande zake za wazi zinatazama ziwa na vilima hupulizwa mara mbili kwa siku bila gharama. Paa la bati huning'inia nje ya rundo kiasi cha dhiraa moja ili mvua ya upepo isifike. Rundo halibanwi ukutani, na kuni za zamani hupangwa upande ule unaochukuliwa kwanza, maana banda lisilo na utaratibu huu huwa na kuni zilizooza nyuma na mbichi mbele. Banda hukaa hatua kadhaa kutoka jikoni, kwa kuogopa cheche. Mtu haingizi mkono gizani kati ya vipande: nge na nyoka hupenda sana mahali pakavu palipopangika.

Sehemu ya kuchanjia ina mahitaji tofauti, na hukosewa mara nyingi zaidi. Paa lake lazima liwe juu: mtu mwenye shoka lililoinuliwa huhitaji karibu mita tatu, na boriti iliyo chini ya hapo siku moja itasimamisha shoka njiani. Sakafu haiwi ya saruji wala jiwe. Pigo likikosea, chuma hukutana na itale, na makali yaliyochukua saa nzima kunolewa huondoka kwa mara moja. Wachanjaji wa Mwanza, ambako kila ua una jiwe, hulijua hilo vizuri. Udongo uliofunikwa mchanga au takataka za magome ndio unaofaa. Gogo la kuchanjia huwa pana, la mti mgumu wenye mafundo ili lisipasuke lenyewe, na kimo chake hakizidi goti. Kipande kikiwekwa juu yake, pigo linalokipita huishia kwenye gogo badala ya mguuni. Tairi kuukuu likifungwa juu ya gogo hushikilia vipande pamoja, na mchanjaji hainami kila mara kuokota. Mtu husimama miguu imetengana, jicho kwenye ufa uliokwisha kuwapo, na huinua shoka bila haraka. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, kazi ya saa mbili huzidi ya mchana kutwa.

Sera ya taifa sasa inaelekea kwingine. Mwaka 2023 serikali ilielekeza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Shule na magereza yaliyokuwa wateja wakubwa wa malori ya kuni yamekuwa yakijenga majiko ya gesi. Faida kwa mapafu ya wapishi ni kubwa, na hakuna anayeujua moshi wa jiko la shule atakayelilia siku za kuni.

Mahali ambapo shoka bado linaitwa bila kusitasita ni msibani. Turubai likisimikwa katika ua wa Buzuruga, sufuria za kupikia watu mia moja na zaidi huwekwa juu ya mawe matatu nyuma ya nyumba, na vijana wa mtaa huletewa magogo. Wanachanja kwa zamu, wengine wakiwa wamevua mashati ya kazini. Wanawake hupokea vipande na kuvipanga kwa unene, vyembamba vya kuwashia upande huu, vinene vya maharage upande ule. Usiku moto mwingine huwashwa mbele ya nyumba kwa ajili ya wanaume wanaokesha, nao hulishwa magogo mazima yasiyochanjwa, yanayosukumwa ndani taratibu kama yalivyosukumwa kwenye shikome. Matanga yakianuliwa, kuni zilizobaki huachwa kwa wafiwa, zikiwa zimepangwa ukutani chini ya upenu.